Kuchagua maharage

Binti yangu alikuwa na miaka sita alipoanza kunikimbia, na simlaumu. Tulikuwa tumekimbia moto wa mlima wa volkano, kisha tukakimbia risasi, tukalala kambini Mugunga chini ya turubai. Tuliporudi nyumbani mtaa wa Birere, mjini Goma, nilirudi na hofu kifuani. Mlango ukijigonga au bati likilia, nilimfokea yeye aliyekuwa karibu. Mara mbili nilimpiga kofi. Baada ya hapo, kishindo chochote kikitokea, mtoto hakutazama kilikotoka. Alinitazama mimi, kisha akajibanza nyuma ya madumu ya maji. Hilo liliniuma kuliko vita.

Kwenye kituo cha afya alikuja mama mmoja kutufundisha kutulia. Alisema ubongo wa mtu aliyeogopa sana hupiga kengele hata pasipo hatari, na kwamba ukizoea kuifuata pumzi yako, kidogo kidogo unapata nafasi ya kuwaza kabla mkono haujanyanyuka. Nilimpenda kwa maneno hayo. Kisha akasema, "Fungeni macho. Sikilizeni ardhi chini ya miguu yenu."

Ardhi! Huko alikotoka labda ardhi inakaa kimya. Sisi wa Goma tukaisikiliza kwa bidii zote, na kweli ikatetemeka. Yeye alipofumbua macho, wanawake wote tulikuwa nje, mmoja na kiatu cha mwenzake. Kumbe ni lori la viazi lililokuwa likipita. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kicheko kikaisha, machozi yakaendelea.

Mwalimu naye alicheka, lakini hakuwa mjinga.

"Basi tuache ardhi," akasema. "Mikono yenu inafanyaka nini kila siku?"

Tukamjibu kwamba tunachagua maharage. Maharage ya Rutshuru huja na mawe yake, na jiwe moja likikuponyoka litavunja jino la mgeni.

"Ni vizuri. Pumzi moja, harage moja."

Nikafanya hivyo kila asubuhi mlangoni, ungo mapajani. Ilinichosha, nisiseme uongo. Mawazo yalitoroka hadi Mugunga, nikayarudisha kwenye ungo, yakatoroka tena. Kwa wiki nyingi faida niliyoiona ni maharage safi kupita kiasi.

Asubuhi moja jirani akaangusha chukudu lake, kile kigari cha mbao cha kusukuma mizigo, na mzigo wote wa mbao ukamwagika juu ya mawe. Mdomo ukafunguka nifoke. Vidole vyangu vilikuwa vimeshika kijiwe cheusi. Nikavuta pumzi, nikakitupa. Mikono ilitetemeka hata maharage yakachezacheza kwenye ungo, lakini sikufoka.

Binti yangu akatoka taratibu nyuma ya madumu. Akaitazama mikono yangu kwa muda mrefu.

"Mama," akasema, "kumbe unaogopaka tu?"

"Ndiyo, mama. Naogopaka tu."

Akausogeza ungo pembeni, akakaa mapajani pangu, akaishika mikono yangu yote miwili mpaka ikatulia.