Betri Isiyokunywa Maji

Njuki wa Kianjokoma alikuwa na imani mbili, kanisa lake na maji ya betri. Tangu enzi za televisheni za kuwashwa kwa betri ya gari, yeye ndiye aliyezichaji na kuzijaza maji betri za soko zima, na mtu aliyeacha yake ikauke alimsema hadharani kana kwamba amemnyima mtoto chakula.

Basi Kirimi alipokuja na wazee wake kutoka Ruiri kumposa Cicily, binti wa pekee wa Njuki, alifanya kosa moja. Pamoja na mbuzi na asali alimletea mzee betri aliyoiunda mwenyewe kwenye maabara ya chuo. Ilikuwa bapa, ndogo kama pakiti ya majani chai. Alieleza kuwa ndani mna sodiamu, madini laini yatokanayo na chumvi, na mahali pa asidi pana utando mkavu wa plastiki ambao chembe za sodiamu hupenya.

"Sasa hii hainywangi maji?" Njuki akauliza.

"Hata tone, baba."

Cicily, aliyemjua babake, akafumba macho.

Kirimi akaunganisha balbu. Haikuwaka. Akajieleza kwa aibu kwamba plastiki ile hufanya kazi ikipata joto, na baridi ya Kianjokoma imeikaza, kisha akaiegemeza kwenye birika la chai. Wazee wakatoka kuwakagua mbuzi, naye akawafuata. Njuki akabaki na ile betri, roho ikimuuma. Kumbe Cicily anaenda kwa mtu anayeacha kitu kife kwa kiu, halafu anakiotesha moto! Akaibeba hadi kibandani kwake, akaipasua pembeni kwa kisu, akaitilia maji safi kwa mkono wenye huruma.

Mlipuko ukawaleta wote mbio. Walimkuta kofia inafuka moshi, nyusi hazipo, na moto wa manjano ukicheza mezani karibu na betri za wateja. Mjomba wa Kirimi akaja na ndoo ya maji. Kirimi, aliyejua sodiamu hulipuka ikiguswa na maji, akampiga kumbo, ndoo ikamwagikia viatu vya mjomba, kisha akazoa mchanga mkavu wa ujenzi na kuifukia kazi yake ya miaka mingi mpaka moto ukazima.

"Baba, macho yanaona?" ndilo neno lake la kwanza.

Njuki akaitikia kwa kichwa. Cicily alikuwa analia, akijua posa imekwisha. Wazee wa Ruiri wakaanza kutafuta bakora zao, wakikohoa kwa adabu.

"Wazee, rudini ndani," Njuki akasema. "Mimi mtu akiniharibia betri, hata jina lake siulizi, napiga. Huyu nimemchomea yake na anauliza macho yangu. Cicily ni wenu."