Mama yangu amekubali picha, tena kwa Kihispania

Watu wangu, leo Mama amekubali kupigwa picha!

Mama anauza omena, wale dagaa wa ziwani, hapa soko la Busia. Ukitoa kamera tu, anajifunika uso na leso. Picha yake ya pekee niliyokuwa nayo ni ya kitambulisho.

Asubuhi nilikuwa namwonyesha picha za safari yangu ya Peru na Bolivia. Mafundi viatu, wachuuzi, watu wa kawaida tu.

Akafika kwa mama mmoja anayeuza samaki. Akanigeukia.

"Yaani ulienda mpaka huko kupiga picha mama za watu?"

"Lakini Mama, si wewe hukataa?"

"Huyu ulimwomba aje?"

"Nilimwambia, 'Señora, una foto, por favor.' Yaani, mama, picha moja tafadhali."

"Basi na mimi niombe hivyo."

Soko lote linatuangalia! Nikajikaza, nikaomba, mkono kifuani. Wauzaji wenzake walicheka hadi machozi.

Mama hakucheka. Aliweka leso kando, akasimama nyuma ya omena yake, akainua kidevu.

Nimepiga kumi na saba, na zote ni kali!

Hii ndiyo ya kwanza. Andikeni kitu, jameni. Amekaa hapa kando yangu, anataka nimsomee komenti zote.