Wageni Walishiba

Siku ninayoikumbuka kila nikinawa mikono nile, mwanangu, ni ile wageni wa ng'ambo walipokuja chuoni kwetu, hapa Homa Bay. Nilikuwa mwalimu kijana, shati limepigwa pasi mpaka kola inanikata shingo. Walitoka chuo kikuu cha mbali, wakitaka tufundishe pamoja kozi ya uvuvi: mtoto asome miaka miwili kwetu, miwili kwao, apate shahada yenye majina ya vyuo vyote viwili. Mwanafunzi wangu Atieno, msichana wa kule Kisegi mwenye kichwa chepesi ajabu, alikuwa ameshachaguliwa awe wa kwanza kwenda.

Unajua desturi yetu. Mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajala. Basi tukawalisha. Asubuhi chai na viazi vitamu, baadaye karanga, mchana ugali na ngege, huyu samaki wetu wa ziwani. Jioni walikuwa na ndege Kisumu, na kila mtu alipotaka kuuliza jambo, sahani nyingine ilifika. Aliyeziagiza ni mimi. Niliona raha kuitwa mwenyeji mwema, basi.

Mkuu wa kitivo alikuwa Profesa Apiyo, karibu astaafu, sote tukimwita Mama. Aliweka tonge chini akamuuliza kiongozi wa wageni, polepole, "Watoto wenu wenyewe wanasoma hii kozi?"

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Mtu bado ana mwiba mdomoni, anaulizwaje? Mgeni akatabasamu, akasema samaki ni mtamu sana. Tukacheka. Sahani zilipoondolewa, saini zikatiwa na picha zikapigwa.

Mama Apiyo alinikuta bombani nikinawa. Hakupandisha sauti.

"Hata posa ikija, watu wakishakula tunauliza. Huko binti yetu anaenda, kuna nani? Wanaishi aje? Tunatuma mtu akaone. Wewe umewalisha ndio tusiulize."

"Lakini Mama, hao ni wageni."

"Na Atieno ni nani?"

Nikafunga bomba, nikaenda kuwasindikiza wageni.

Atieno akaenda. Akakuta darasa zima ni wageni kama yeye. Wenyeji waliikimbia kozi ile zamani, na chuo kilikuwa kinatafuta watoto wa watu wa kujaza viti. Mwaka haujaisha, idara ikafungwa. Akarudi na pole za mdomo. Kwetu nako mtaala ulikuwa umebadilika, na alama za kule hakuna aliyejua aziweke wapi. Nilizunguka naye ofisi baada ya ofisi, nikachoka mimi kabla yake. Mwishowe akaacha.

Siku hizi anauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Mbita. Juzi alinipimia, akaniongezea kidogo juu kama kawaida yake, kisha akaniuliza bila hasira yoyote, "Mwalimu, siku ile wageni mliwapikia nini?"

"Ngege."

"Walishiba?"

Nikamwambia ndiyo, walishiba. Nilichukua omena yangu nikaondoka, hata kumuaga vizuri nilishindwa.

Sasa nasikia umewekwa kwenye kamati, na wageni wanakuja chuoni kwenu Migori. Wapikie, usiniaibishe. Lakini wakishanawa, uliza. Achana na majengo ya kwenye picha, na hizo sifa za chuo bora duniani nimezisikia mpaka masikio yamechoka. Uliza watoto wao wanasoma nini na nani anawafundisha. Uliza wakifunga mlango, wetu atamalizia wapi, na jibu hilo liandikwe kabla ya saini. Tuma mtu akakae kule, ale wanachokula wanafunzi, si kile wanacholishwa wageni. Wakikasirika, wakasirike. Wao watapanda ndege yao jioni. Wewe utabaki hapa na watoto hawa, na utakutana nao sokoni miaka yote.

Nyasaye, Mungu wetu, akupe mdomo usioona haya mbele ya mgeni. Kila mtoto utakayemtuma akurudishie, cheti mkononi, na siku ukikutana naye Migori sokoni uweze kumtazama usoni.