Sukari ya Bibi

Jumanne iliyopita nilikwenda kliniki, jirani na viwanja vya Mnazi Mmoja, nikiwa na ujauzito wa miezi saba na sijatia kitu mdomoni tangu jana yake jioni. Muuguzi alinitoboa kidole, kisha akanipa kikombe cha maji yenye glukosi.

"Kunywa yote, mama. Usile kitu. Baada ya saa mbili nakupima tena, tuone mwili wako unaimudu vipi hiyo sukari."

Nilikunywa. Utamu ule uliponikaa kooni, nikamkumbuka bibi yangu, na saa mbili zile nilishinda naye.

Tulikaa Kariakoo, kwenye nyumba ya vyumba sita yenye ua katikati. Bibi, mama yake baba, ukoo wake ulitoka Uarabuni. Alikuwa mnene, mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Ungepita pale asubuhi, rafiki yangu, ungekaribishwa na harufu ya kashata za nazi zikipoa kwenye sinia. Kazi yangu ilikuwa kutwanga iliki, na malipo yangu yalikuwa makombo ya pembeni, yale yaliyoungua kidogo.

Kisha bibi akaanza kukonda. Nguo zikampwaya, akawa hashibi maji, kila mara yuko njiani kwenda chooni. "Mwanangu, nitafutie cha baridi," aliniambia, nami nilikimbia kumletea juisi ya miwa, mfuko mzima, asubuhi na alasiri. Alikuwa akinibusu mikono. Nilijiona ninamtibu.

Miaka ile ya ukimwi, mtu mzima kukonda kulikuwa na maana moja tu mtaani kwetu. Jirani wa chumba cha mbele, aliyekuwa akila na bibi sinia moja, alianza kula kwake. Kashata zikabaki hadi zikaota ukungu. Shangazi alimwambia baba ampeleke bibi akapimwe.

"Apimwe ili iweje?" baba alijibu. "Mimi nina duka hapa. Watu watasema nini?"

"Watu wameshasema, kaka."

Baba hakumpeleka. Alimhamishia chumba cha uani, tukaambiwa tuseme amesafiri. Miezi ikapita hivyo, bibi "yuko safarini" hatua kumi kutoka barazani.

Kidole cha mguu kilipokuwa cheusi na harufu ikashindwa kufichika, ndipo tulipomkodia teksi. Nilikuwepo, nimebeba chupa ya chai. Muuguzi alimtoboa kidole, akasubiri kidogo sana, muda wa kufunga kifundo cha khanga, akasema, "Sukari. Iko juu mno."

"Sukari tu?" baba aliuliza. Akashusha pumzi, na uso wake ukakunjuka. Nilimwona.

"Hakuna cha tu hapa, mzee. Siku zote hizi mlikuwa wapi?"

Walimkata mguu. Siku ya tisa akafariki. Msibani yule jirani alilia kutushinda sote, na baba alimweleza kila aliyekuja kutoa pole, hata wasiouliza: "Ilikuwa sukari. Sukari tu."

Muuguzi wangu alirudi na majibu. Imepanda, alisema, lakini tumeiwahi. Nitapewa utaratibu wa chakula, nitapimwa kila wiki, mtoto atakuwa salama. Nilipaswa kushukuru. Badala yake nilimlilia pale kwa hasira, naye akadhani ninaogopa, akanishika bega.

Nilitoka nikapita mtaani kwetu. Nyumba imebomolewa siku nyingi, limesimama ghorofa la maduka ya mapazia, na ua wetu ni ngazi ya kushukia stoo. Baba naye alishatangulia, na sikuwahi kumuuliza. Nilisimama pale, watu wananipiga vikumbo, nikijaribu kumwona bibi akiwa mnene, anacheka. Sikuweza. Bibi ninayemkumbuka ni yule wa chumba cha uani, anayenyoosha mkono apokee mfuko wa juisi.