Raga ya Watu Kumi na Watatu

Juzi nilikuwa Fordsburg, hapa Johannesburg, nakula sambusa kwa kisingizio cha kusubiri mvua ikatike, nikainua macho kwenye televisheni ya mgahawa. Ilikuwa raga ya Uingereza. Mchezaji aliangushwa, akainuka upesi, akauweka mpira chini na kuuviringisha nyuma kwa unyayo. Nikaiweka sambusa chini. Mtindo ule naujua, rafiki yangu. Nilifundishwa nikiwa na miaka kumi na mmoja, kisha nikaukana mbele za watu.

Tulikuwa tumehamia Mayfair, mtaa wa jirani na Fordsburg, kutoka Tanga. Jumamosi asubuhi nyumba nzima ilinukia iliki, bibi akikaanga maandazi, na kazi yangu ilikuwa kumpelekea sahani jirani, mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Anko tu. Alikuwa mzaliwa wa hapa, mabega mapana, masikio yamevimba kama viazi. Alisema aliwahi kulipwa kucheza raga kaskazini mwa Uingereza, kwa kuwa enzi za ubaguzi timu za hapa hazikumtaka mtu wa rangi yake. Bibi alimwamini. "Masikio yale hayakununuliwa sokoni," alisema.

Akishakula alitufundisha sisi watoto wa mtaa kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya maduka. "Ukiangushwa, inuka! Viringisha nyuma! Usilale, hapa si kwa mama yako!" Timu, alituambia, ni watu kumi na watatu. Wakubwa wa mtaa walikuwa wakipita wakimtania: "Eish, Anko, na wale wawili wako chooni?" Kila mtu Johannesburg alijua timu ya raga ni watu kumi na watano. Anko alicheka nao. Labda alitueleza kwamba raga ziko mbili, kila moja na sheria zake, nami nikawa nalimezea mate andazi la mwisho.

Shule yetu, iliyocheza ile ya watu kumi na watano, ilipotafuta kocha, mwalimu wa michezo alimwita Anko aje apimwe siku ya mechi yetu ya kwanza. Mzee yule aliyekuwa akiishi kwa kushusha mizigo Fordsburg alikuja na shati lililopigwa pasi hadi kola ikasimama. Nilipoangushwa niliinuka, nikauviringisha mpira nyuma. Nyuma, pale ambapo kwa Anko mwenzako husimama kuupokea, hapakuwa na mtu. Mpinzani akauokota na kwenda kufunga. Nikarudia tena, maana nilikuwa mwanafunzi mtiifu. Uwanja mzima ulicheka.

"Nani kakufundisha upuuzi huu?" mwalimu aliuliza.

Anko alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwetu. Ningeweza kunyamaza. Nikasema, "Huyu hapa. Mwongo tu, hajawahi kucheza popote."

Anko aliilaza kola ya shati lake. Akavaa kofia yake, akaondoka. Kazi alipewa mwingine, na mafunzo ya Jumamosi yakaisha. Bibi, ambaye sikumwambia kitu, aliendelea kunituma. Nilikuwa naiacha sahani mlangoni na kukimbia.

Chuo kikuu ndiko nilikosoma habari za raga ya watu kumi na watatu, na za wachezaji weusi na machotara waliokwenda kuicheza ng'ambo kwa kuwa kwao wamefungiwa. Niliandika insha ndefu juu yao. Mhadhiri aliisifu, hasa huruma yangu. Wakati huo bado nilikuwa naishi Mayfair, na Anko alikuwa milango miwili tu kutoka kwetu. Nilijiambia nitakwenda kubisha hodi baada ya mitihani. Nilipokwenda, alikuwa amehama, na hakuna aliyejua wapi. Siku hizi nyumba yake ni duka la simu la Wasomali, na kile kiwanja ni maegesho ya magari.

Mvua ilipokatika pale mgahawani sikuondoka. Nilikuwa natafuta kwenye simu orodha za wachezaji wa zamani wa klabu za kule kaskazini. Zipo, tena ndefu, kila jina na mechi zake. Nilizishuka moja baada ya nyingine hadi chai ikapoa, ndipo nikatambua kwamba sina jina la kutafuta. Nilichukua masomo yake, nikamwita mwongo, nikaandika insha juu ya watu kama yeye. Jina lake sikuwahi kumuuliza.