Gari Lililofunikwa Blanketi

Funza wa kabichi nimewazoea, nawatoa kwa kidole na kuendelea na shughuli zangu. Lakini gereji ya Paskali, ile ya nyumba aliyoijenga uani kwa baba yake, ilinitia kinyaa tangu siku ilipopigwa marumaru. Jamani, chumba cha kulaza gari, hapa Gare, sakafu inang'aa mpaka unauona uso wako, na gari lenyewe linakuja kulala humo wiki mbili za Krismasi, basi! Mwaka mzima uliobaki chumba kitupu. Na kaka yangu Kristian, baba mzazi wa huyo Paskali, kila Jumamosi anakifagia, anakifunga, halafu anarudi chini ya turubai lake kufanya kazi huku anakohoa.

Kristian ni fundi seremala. Ufundi aliupata kwa mafundi wa misheni akiwa kijana, na sasa ana miaka sitini na mmoja. Ukikuta mlango Gare unaofunga bila kugombana na fremu yake, ujue ni wa Kristian. Turubai lake alilifunga kutoka jikoni mpaka kwenye mti wa peasi, na hapo ndipo alipofanyia kazi tangu anaoa mpaka anamzika mkewe. Sasa sikilizeni, baridi ya huku si ya kuvaa sweta ikaisha. Kuanzia Juni ukungu unapanda kutoka bondeni asubuhi, unatoka saa tano ukipenda, usipopenda hautoki. Gundi haikauki, randa zinashika kutu, vidole vinakufa ganzi. Mwaka jana baridi hiyo ilimshika kifuani ikakaa. Nilimpeleka Lushoto mimi mwenyewe, daktari akanivuta pembeni. "Mama," akasema, "huyu akifanya kazi nje kwenye ukungu msimu mwingine wa baridi, tusije tukalaumiana."

Na kumwambia Kristian aache kazi? Thubutu! Alijaribu kupumzika wiki moja, akawa anakaa kibarazani anapapasa mguu wa kiti, anauliza kila saa leo ni siku gani. Mtu anaweza kufa kwa kukaa pia.

Nikamwambia, "Gereji ile pale. Mpigie simu mwanao."

Akanijibu kwa sauti ya chini kama yuko kanisani, "Nitamsumbua baba."

Hapo ndipo ugonjwa wa familia yetu ulipo. Paskali alipewa jina la babu yake, baba yetu sisi. Na kwetu mtoto akirithi jina la babu, baba yake humwita baba, na mimi shangazi pia namwita baba. Ni heshima, sina ugomvi nayo. Lakini Kristian aliishika heshima hiyo kwa mikono miwili mpaka akasahau kwamba aliyelala kwenye beleko ni mtoto. Paskali akivunja kikombe, "baba kavunja, bahati mbaya." Paskali akimjibu mama yake ovyo, "nitamgombezaje baba yangu?" Fimbo hajawahi kuiona, na karipio hajawahi kulisikia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, sasa yuko Dar es Salaam na kitambi chake, na sisi wote tunanyenyekea jina.

Basi simu ikapigwa, nikaweka sauti ya juu nisikie kwa masikio yangu. "Tumia tu, mzee," Paskali akasema. "Nyumba ni yako hiyo." Nilimshukuru Mungu. Sikujua kuna watu wanatoa ruhusa kama wanavyotoa salamu, bila kukusudia kitu.

Tukaingia kazini. Marumaru yale ni barafu, mtu akisimama saa moja baridi inampanda mpaka magotini, kwa hiyo Kristian alitandika mbao juu yake, akaziinua kidogo ili hewa ipite. Ukutani tukapigilia vipande vya dari vilivyobaki wakati wa ujenzi. Geti la chuma lilikuwa na uwazi chini, mbwa anapita, nikaliziba kwa magunia ya viazi. Meza ya kazi ikakaa dirishani. Randa na patasi akazipanga ukutani, kila moja akiipaka mafuta ya cherehani jioni kama mtoto anayepakwa mafuta baada ya kuoga.

Halafu tukafanya kosa letu, lile la watu wa milimani. Tuliziba kila tundu, tukaingiza jiko la mkaa ndani, tukafunga. Nikaenda kukoroga uji. Narudi, kaka yangu amekaa chini ameegemea ukuta, anatabasamu, ananiambia kichwa kizito. Yesu na Maria! Nilimburuta kwa makwapa mpaka kwenye majani, nikamtukana matusi ambayo bado sijayaungama. Kesho yake alitoa kioo kimoja cha dirisha kule juu, jiko likahamia nje, likawa la kuchemshia maji tu.

Maji hayo ndiyo yaliyookoa kazi. Alikuwa ameagizwa mabenchi manane ya kanisa la kigango. Akishapaka gundi na kuyabana kwa vibano vya chuma, anaweka chupa za maji ya moto chini yake, kisha anayafunika yote kwa blanketi lake. Blanketi gani? Lile la kijivu lenye mstari mwekundu, alilorudi nalo baba yetu kutoka mashamba ya mkonge ya Magoma. Kristian alipokuwa na miaka saba akaugua kichomi, baba alilivua mabegani mwake akamfunika, na yeye baba akalala wiki mbili chini ya gunia. Tangu hapo blanketi ni la Kristian. Halifui mtu mwingine. Nilipoona anayafunika nalo mabenchi nilicheka, nikamwambia ameoa tena.

Na kikohozi kikapungua. Nasema ninachokijua, maana ukuta wangu na wake ni ua wa michongoma tu, usiku nilikuwa nahesabu anavyokohoa. Mwisho wa Juni nililala bila kuhesabu.

Mwezi wa saba, Ijumaa, Kristian alishuka Lushoto kununua skrubu. Nilikuwa shambani nikasikia muungurumo. Paskali kaja kwa ajili ya harusi ya rafiki yake, na gari jipya, jeupe, refu mpaka unajiuliza kona za huku limepitaje. Sikuharakisha. Nilimalizia tuta langu. Nilijilaumu baadaye.

Nilipofika, mabenchi manane yalikuwa nje kwenye manyunyu. Vibano vimelegezwa vikatupwa kwenye majani, gundi ya asubuhi imeachia, inachuruzika miguuni mwa mabenchi kama makamasi. Randa ziko kwenye tope. Mbao za sakafuni zimerundikwa kwenye kitalu changu cha karoti. Na ndani ya gereji gari limesimama, limefunikwa usoni na blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu.

Nilitema mate chini kwa kinyaa.

"Shikamoo shangazi," Paskali akasema, anajifuta mikono.

Shikamoo yake nikaiacha hapohapo hewani. "Haya ni nini?"

"Gari hili lina kompyuta ndani, shangazi, halitaki unyevu. Na injini ikipoa sana asubuhi inasumbua."

"Na kifua cha baba yako kina nini ndani? Pumba?"

Akacheka! "Mimi nilijua anaweka vitu viwili vitatu, sikujua ameigeuza karakana. Halafu mzee apumzike bwana. Watu wananisema, baba yako anapiga randa uzeeni na wewe una gari. Ananiaibisha."

Khaa! Mtu anaona aibu baba yake akifanya kazi, haoni aibu kumtoa nje kwenye baridi.

Kristian akaingia uani na mfuko wake wa skrubu. Akatazama mabenchi. Akatazama patasi kwenye tope. Nikasema moyoni, leo kitaeleweka.

"Umefika salama, baba?" akamuuliza Paskali. "Pole na safari."

Akapiga magoti, akaanza kuokota patasi moja moja, anazifuta kwa shati lake. Nawaambia ukweli, kinyaa nilichokuwa nacho kwa Paskali kilihamia kwa kaka yangu chote. Nilimsimamia kichwani nikamwambia, "Simama, Kristian. Simama uongee."

"Niongee nini, Jenoveva? Ndiye baba."

Akaburuta benchi la kwanza mpaka chini ya turubai lake kuukuu, akajaribu kulibana upya. Manyunyu yanapita kwenye matundu yanamwangukia shingoni. Akakohoa. Akakaza kibano, akakohoa tena, na safari hii kikohozi hakikukatika. Akashika mti wa peasi. Midomo ikaanza kuwa na rangi ninayoijua. Nikakimbilia kumshika mgongo, nikapiga kelele: "Paskali! Lete kitu cha kumfunika!"

Paskali akatoka kibarazani kwake, akaja mpaka kwenye gari, akainua pindo la blanketi, akapapasa boneti kama bado ina joto. Kisha akalirudisha. "Hili lina gundi, shangazi," akasema. "Ngoja nikatafute jingine ndani."

Kristian alikuwa amemwona. Nilihisi mgongo wake ukikaza mkononi mwangu. Akapumua, akapumua tena, akaniondoa taratibu kama unavyomwondoa mtoto njiani, akatembea mpaka gerejini. Akalivuta blanketi kwenye gari kwa mkono mmoja, akajifunika mabegani.

"Paskali," akasema.

Miaka thelathini na minne tangu mtoto azaliwe, jina hilo halikuwahi kutoka mdomoni mwake likiwa peke yake. Hata mwenye jina mwenyewe aligeuka kutazama nyuma yake, kana kwamba kuna Paskali mwingine.

"Baba yangu alilivua hili kwenye baridi ya mwezi huu huu, akanifunika mimi. Wewe si baba yangu. Wewe ni mwanangu. Toa gari."

"Lakini baba, kompyuta..."

"Toa gari, Paskali."

Akalitoa. Alilirudisha nyuma vibaya kwa haraka, akakwaruza ubavu kwenye nguzo ya geti, na hakuna aliyempa pole. Tukarudisha mbao sakafuni, tukarudisha mabenchi, na mimi nikawasha jiko nje kwa ajili ya chupa. Gundi yote ilibidi ikwanguliwe, ipakwe upya, na kazi hiyo inataka mikono minne. Nikanyoosha yangu. Kristian akatikisa kichwa.

"Njoo ushike hapa," akamwambia mwanawe. "Usiachie mpaka nikwambie."

Paskali akapiga magoti na suruali yake ya harusi, akashika. Alishika mpaka jioni, benchi baada ya benchi, gundi imemganda vidoleni, na baba yake juu ya kichwa chake amejifunika blanketi, anamkaripia: siyo hapo, hapa, kaza, mtoto gani hujui hata kushika. Mimi nilikuwa nje napuliza mkaa, nikaona machozi yananitoka, nikausingizia moshi.

Gari lililala nje. Asubuhi lilikuwa limelowa umande mwili mzima, likawaka papo hapo, alipojaribu mara moja tu.