Chupa Chini ya Kitanda

Karatu ya miaka ile, mgonjwa asiye na chupa hakuhesabiwa mgonjwa. Hata ungetolewa nusu ya utumbo, kama hakuna mpira unaotoa majimaji ubavuni na kuyamwaga kwenye chupa chini ya kitanda, wageni wangekuombea sala fupi na kurudi mnadani.

Mimi nilikuwa nayo. Nilitolewa mfuko wa nyongo kupitia matundu madogo, na daktari mgeni aliyekuja na kamera yake kuwafundisha wa kwetu. Mfuko ulitoka mzima na mawe yake ndani, bila kuvuja damu wala nyongo. Hata hivyo daktari wetu mkuu, mtu mwenye sauti ya mimbarini, alinipachika mpira. Aliwapachika wote. Nadhani hata mhasibu angekatiza karibu na meza ya upasuaji angetoka nao.

Matundu hayakuniuma. Mpira ndio ulionichoma kila nilipovuta pumzi, na bila kuutoa sikuruhusiwa kwenda nyumbani. Nilipataka nyumbani kuliko nilivyowahi kuitaka shahada.

Shangazi yangu alifika na mtori wa ndizi kutoka Marangu. Kabla ya kunijulia hali aliinama uvunguni.

"Mbona kidogo hivi?"

"Ndiyo vizuri, shangazi."

"Vizuri nini? Jirani yako kajaza."

Jirani alikuwa mkulima wa vitunguu wa Mang'ola. Mfuko wake ulivimba, ukagandamana na ini, ukapasuka wakati wa kutolewa. Chupa yake ilikuwa na nyongo, kijani kama maji ya majani. Mpira wake ulikuwa na kazi. Wangu ulikuwa pambo.

Asubuhi madaktari wote wawili walisimama miguuni pangu.

"Huu mpira wa nini?" aliuliza mgeni.

"Ulinzi," alisema mkuu.

"Unalinda nini? Hakuna kilichovuja."

"Na kikivuja?"

"Tumbo litauma, homa itapanda, tutampima. Yule wa vitunguu nisingemwacha bila mpira. Huyu anaumia bure."

"Ndivyo tulivyofundishwa," alisema mkuu, kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kufikiri siku ya mahafali.

Nikajitia ujuzi. "Daktari, hata mimi naona utolewe."

"Mwalimu, wewe ulisomea nini?" aliuliza mkuu.

"Historia."

"Basi subiri yaishe, utayaandika."

Wauguzi walicheka. Hata mimi nilicheka, mpira ukaniadhibu. Mkuu aliinua chupa yangu, akaitikisa kwenye mwanga wa dirisha kana kwamba nyongo ingejitokeza kwa kumheshimu. Haikutokea.

"Utoeni," aliwaambia wauguzi. "Lakini si kwa sababu ya maneno yake." Hakusema maneno ya nani, na mgeni alikuwa na adabu ya kutouliza.

Mchana shangazi alirudi, akanikuta nimevaa viatu. Akainama uvunguni, akainuka amenuna. Kisha akachukua mtori wangu wote, akaupeleka kitandani kwa jirani.

"Huyu ndiye anayeumwa," alisema.